Mahandaki Yako Chini ya Kilima

Fungueni kitabu cha Nehemia, sura ya tatu. Ni sura ambayo wahubiri wengi huiruka. Haina muujiza, haina vita, haina wimbo. Ni orodha tu ya majina, jina baada ya jina, na kila jina na kipande chake cha ukuta. Lakini nawaambia, wana wa Taita na Taveta: kwa mtu anayeishi katika mji mdogo, hakuna sura inayochoma kama hiyo.

Yerusalemu ilikuwa magofu. Ukuta umebomoka, malango yameteketea. Nehemia alifika na barua za mfalme mkononi, na ruhusa ya kukata mbao katika msitu wa mfalme. Serikali, basi, ilikuwa imetoa chake. Lakini barua haipandi ukutani, na mbao hazijifungi zenyewe langoni. Soma uone ni nani aliyejenga. Makuhani walijenga. Wafua dhahabu walijenga, na watengeneza manukato, watu ambao mikono yao haikuzoea mawe. Shalumu, mtawala wa nusu ya wilaya, alitoka na binti zake. Malkiya, naye mtawala, alichukua Lango la Jaa, lango la kutolea taka za mji, akalijenga yeye. Na tena na tena orodha inasema kwamba fulani alijenga mbele ya nyumba yake mwenyewe.

Mbele ya nyumba yake. Hilo ndilo neno langu kwenu leo.

Wamo pia walioandikwa kwa aibu. Watu wa kawaida wa Tekoa walifanya kazi, tena walirudi wakachukua kipande cha pili. Wakuu wao walikataa. Waliona kazi ile haiwafai watu wa hadhi yao. Imepita miaka zaidi ya 2,400, na kila sura hiyo inaposomwa, wakuu wa Tekoa bado wamekaa pembeni, wamekunja mikono. Ukuta ulikamilika kwa siku 52 bila wao.

Sasa tokeni Yerusalemu tuje nyumbani. Shikeni barabara ya Voi kwenda Taveta. Piteni Mwatate, piteni Bura, piteni Maktau, na kabla hamjaingia mjini Taveta mtaona kilima kimesimama peke yake kwenye tambarare. Hicho ni Salaita. Si mlima wa kutisha. Ukikilinganisha na Kilimanjaro iliyo nyuma yake ni kichuguu. Lakini pana funzo pale ambalo lilinunuliwa kwa damu, nasi tunapita nalo kila siku ndani ya matatu, vioo vimefungwa kwa sababu ya upepo.

Wajerumani waliiteka Taveta Agosti 1914, vita vikuu vya kwanza vikiwa ndiyo kwanza vimeanza, wakajichimbia Salaita. Tarehe 12 Februari 1916 majeshi ya Waingereza, pamoja na brigedi ya Afrika Kusini iliyokuwa imewasili karibuni, yalikuja kuwang'oa. Mizinga ikaunguruma. Makombora yakakitwanga kilele, maana huko juu ndiko mahandaki yalikoonekana. Lakini adui hakuwa kileleni. Mahandaki yenyewe yalikuwa chini, kwenye mguu wa kilima, yamefunikwa na vichaka. Mizinga ilipokwisha kuyaponda mawe ya juu, vikosi vikasonga mbele kwa kujiamini, na risasi zikawatokea usawa wa magoti. Walirudi nyuma wameshindwa. Waliowasitiri wasiangamizwe ni Wabaluchi, askari kutoka Uhindi ambao Waafrika Kusini wale walikuwa wakiwadharau kwa rangi yao.

Ndugu zangu, tuna zaidi ya miaka mia moja tangu siku ile, na bado tunapigana vita vyetu vilevile: mizinga yetu yote inalenga kileleni.

Simama kwenye kituo chochote cha bodaboda pale Voi saa nne asubuhi. Utasikia uchambuzi wa Ikulu ambao hata magazetini huupati. Nani atamwacha nani, nani ataungana na nani, nani atasimama 2027. Gavana anapigwa kombora, seneta anapigwa kombora, Nairobi yote inawaka moto. Sasa mwulize mchambuzi huyo: mzee wa mtaa wako anaitwa nani? Wadi yako imetengewa shilingi ngapi mwaka huu, na za kazi gani? Nani wako kwenye kamati ya soko? Kamati ya zahanati ilikutana lini mara ya mwisho? Atakutazama kama mtu uliyemsemesha Kichina.

Na huko ndiko mahandaki yaliko! Huko chini, kwenye kamati ya maji, kwenye bodi ya shule, kwenye baraza la chifu, kwenye bodi ya manispaa, kwenye kikao cha bajeti cha wadi, ndiko inakoamuliwa taa ya barabara isimame wapi, choo cha soko kijengwe au kisijengwe, mtaro uzibuliwe kabla ya mvua za vuli au baada ya maji kuingia vitandani. Mtaka cha mvunguni sharti ainame. Sisi tumesimama wima, tunapiga kelele juu, halafu tunashangaa mbona tunaumizwa magotini.

Niwaeleze kikao kimoja, kama kinavyokwenda katika miji mingi ya Kenya. Tangazo limebandikwa siku tatu kabla, kwenye ubao wa ofisi ambako haendi mtu asiye na shida. Limeandikwa saa tatu. Watu wanaanza kuonekana saa nne na nusu. Mgeni rasmi anafika saa tano. Viti vya plastiki, safu ya mbele imeachiwa wakubwa. Mezani kuna kitabu kinene cha makadirio, kwa Kiingereza, nakala mbili kwa ukumbi mzima. Karatasi ya mahudhurio inazunguka: jina, nambari ya kitambulisho, nambari ya simu, sahihi. Kila mtu anatia sahihi kwanza, asome baadaye, na baadaye haifiki. Mama mmoja anasimama nyuma, mkono ungali na harufu ya vitunguu, anauliza choo cha soko kimefikia wapi, kwa sababu kila akitaka kwenda haja humwachia jirani meza na kulipa kwenye choo cha mtu binafsi. Anaambiwa hoja yake imepokewa. Inaandikwa, au haiandikwi. Soda zinagawiwa. Saa saba ukumbi uko tupu.

Sasa sikilizeni vizuri. Karatasi ile ya mahudhurio ndiyo inayokwenda kuwa ushahidi kwamba umma umeshirikishwa. Sahihi yako! Umeisaini bajeti usiyoisoma, kwa bei ya soda. Halafu miezi tisa baadaye unasimama kwenye matope unasema wametuibia. Wamekuibia, pengine. Lakini mlango uliufungua wewe.

Mtaniuliza: mhubiri, kwani imewahi kutokea huku kwetu kwamba watu wa chini wakainama, wakafika mahandakini, wakashinda? Ndiyo. Imetokea Voi, na si zamani za mababu.

Upo mtaa unaitwa Tanzania-Bondeni. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ulikuwa mtaa wa watu wasio na hati. Ardhi waliyokalia ilikuwa na wenyewe: sehemu ya shirika la reli, sehemu ya serikali, sehemu ya shamba la katani. Watu walijenga kwa udongo na fito, maana ni nani atakayemwaga saruji mahali anapoweza kuamshwa na tingatinga? Ukafika mradi wa kuendeleza miji midogo, wa serikali ya Kenya ikisaidiwa na shirika la Ujerumani, GTZ. Na hapo likatendeka jambo ambalo si la kawaida katika nchi yetu. Wakazi hawakuletewa uamuzi uliokwisha kupikwa. Waliketi, wakaelezwa njia mbalimbali za kumiliki ardhi, wakajadiliana, wakachagua wenyewe.

Wangeweza kudai kila mtu hati yake. Ndivyo wengi wetu tungefanya. Lakini watu wale walikuwa wanajuana. Walijua maskini akipewa hati leo, kesho mtoto akiugua au karo ikibisha hodi, hati inauzwa. Tajiri ananunua ploti moja, mbili, tano, na aliyekuwa mwenye ardhi anarudi pale pale kuwa mpangaji. Wakachagua njia nyingine: amana ya ardhi ya jamii. Ardhi ikae mikononi mwa jamii nzima, isiuzwe kipande kipande. Nyumba iwe yako. Uijenge, umrithishe mwanao, na ukiondoka uiuze nyumba, lakini udongo ubaki wa mtaa. Ikawa amana ya kwanza ya namna hiyo nchini Kenya. Wataalamu wa miji wamesafiri kutoka vyuo vikuu vya ng'ambo kuja kuisoma Voi, na kuna watu waliozaliwa Voi ambao hawajui kwamba kuna cha kusomwa.

Sitawapamba. Haikuwa Edeni. Sheria za wakati ule hazikukijua kitu kama hicho, ikabidi sheria mbili tatu zishonwe pamoja ili kipate pa kusimama. Hati zilichukua miaka. Wafadhili waliondoka, na wengine bidii ikawapungua, kama inavyopungua popote mikutano inaporefuka na matunda yakachelewa. Lakini mtaa uliwahi kuketi chini na kuamua nani atakuwa mwenye ardhi yake, na uamuzi huo ulitoka kwa watu waliokuwa wakiitwa maskwota. Kama waliweza wao bila hati, sisi wenye hati zetu kabatini tuna udhuru gani?

Wala hatuko peke yetu. Hapo Dar es Salaam, mtaa wa Hanna Nassif ulikuwa ukizama kila mvua kubwa. Katika miaka ya 1990 wakazi wenyewe walishika sururu na mabeleshi, wakachimba mitaro na kutengeneza barabara za mtaa wao, huku kamati yao ikikaa meza moja na wahandisi wa jiji. Kule Porto Alegre, Brazili, tangu 1989 wakazi wa mitaa walianza kukutana kila mwaka kupanga ni mtaa gani upate maji kwanza na upi upate barabara, na pesa za jiji zikafuata maamuzi yao. Miji mingi duniani imeiga. Hakuna aliyewateremshia malaika. Waliinama tu.

Kwa nini nawasumbua kuhusu miji midogo, na si mashamba, na si milima? Tazameni ramani. Kaunti yetu ni kubwa, kilomita za mraba zaidi ya 17,000, lakini sehemu kubwa zaidi ya ardhi hiyo ni hifadhi ya Tsavo, Mashariki na Magharibi. Ranchi na mashamba makubwa ya katani yamechukua sehemu kubwa ya iliyobaki. Shamba la babu kule Wundanyi limegawanywa mpaka limekuwa bustani ya sukuma wiki. Sensa ya 2019 ilituhesabu watu 340,671, na kila mwaka vijana wanateremka kutoka milimani na begi moja, wanatafuta chumba Voi, wanatafuta kibanda Mwatate, wanatafuta mkokoteni kwenye soko la Taveta siku ya ndizi. Maisha ya watoto wetu yatakuwa ya mijini. Mji ukiwa mchafu, maisha yao ni machafu. Mji ukikosa maji, wao ndio watakaobeba mitungi. Na sote tunajua bomba la Mzima limekuwa likipeleka maji Mombasa tangu miaka ya 1950, likipita nchi ya watu wenye kiu.

Najua mtakavyonijibu. Nimeyasikia majibu hayo kanisani, nimeyasikia nje ya msikiti, nimeyasikia kwenye foleni ya maji. Nayachukua moja moja.

Wa kwanza anasema: huu si mji wangu, mimi ni mpita njia. Voi ni mji uliozaliwa na reli mwishoni mwa miaka ya 1890, na tangu hapo kila mtu anajiona kama yuko stesheni. Mwalimu anasema kwao ni Kisii. Mwenye duka anasema kwao ni Nyeri. Hata Mtaita anasema kwao ni Mgange, huku Voi ni pa kulala tu. Amejenga nyumba nzuri kijijini na anaishi mwaka mzima kwenye chumba chenye mtaro unaonuka mlangoni! Msikilize nabii Yeremia. Aliwaandikia mateka waliopelekwa Babeli, watu waliokuwa na haki kuliko wewe ya kusema huu si mji wetu. Akawaambia wajenge, wapande bustani, waoze watoto wao, na wautafutie heri mji ule, kwa kuwa heri yao wenyewe imo ndani ya heri ya mji huo. Kama mateka waliagizwa kuutengeneza Babeli, wewe mlipa kodi ya nyumba hapo mtaa wa Mwakingali utaagizwa nini? Kipindupindu hakiulizi kwenu ni wapi.

Wa pili anasema: ni kazi ya serikali, mimi nalipa ushuru. Umesema kweli, nami sikupingi. Mama anayelipia meza kila siku ya soko ameshanunua huduma. Afagiliwe, ajengewe choo, awashiwe taa. Lakini mwenye mali asiyekwenda shambani kutazama vibarua ataletewa gunia tupu. Katiba ya 2010, kifungu chake cha kwanza kabisa, imesema mamlaka yote ni ya wananchi. Kifungu cha 196 kinalibana bunge la kaunti lifanye kazi hadharani na liwashirikishe wananchi. Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011 imekupa wewe mkazi haki ya kukutana na wenzako, mkajadili huduma, mkapendekeza mambo ya bajeti na ya mipango, mkawafuatilia waliochaguliwa na walioajiriwa. Imetenga hata viti katika bodi ya manispaa kwa watu wanaotoka kwenye vyama vya mitaa na kwa wafanyabiashara wa sekta isiyo rasmi. Swali langu: mtaa wako una chama? Kama hauna, kiti chenu atakikalia nani?

Wa tatu anasema: wamekula, wanakula, watakula, mimi nikienda nitabadilisha nini? Huyu namhurumia, maana amechoka. Lakini mchovu naye ana silaha. Ipo Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya mwaka 2016. Andika barua, ukurasa mmoja, kwa Kiswahili ukipenda: naomba kuona mkataba wa kazi fulani, gharama zake, jina la mkandarasi, na tarehe ya kumaliza. Ofisi ya umma inatakiwa ikujibu ndani ya siku 21. Peleka nakala mbili, moja ipigwe muhuri wa kupokelewa ubaki nayo. Mla rushwa haogopi kelele za kituo cha bodaboda. Amezizoea, anazilalia usingizi. Anaiogopa karatasi yenye muhuri, iliyo mkononi mwa mtu mwenye subira.

Na kabla hatujasema tumechoka, tuwakumbuke waliotangulia. Mwishoni mwa miaka ya 1930 wazee wetu, wakiwa na kina Woresha Kolandi Mengo, waliunda Taita Hills Association kudai ardhi. Hawakuwa na katiba ya kuwalinda. Hawakuwa na kura. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga chama marufuku, na viongozi wakakamatwa. Wao walikutana wakati kukutana kulikuwa hatia. Sisi tunaalikwa kwenye kikao, tena na soda, na hatuendi!

Wa nne hasemi kitu. Yeye hufanya. Jumamosi moja kwa mwaka huvaa fulana mpya yenye maandishi, hushika ufagio, hupigwa picha kando ya lundo la chupa na nepi zilizotolewa mtaroni, akaenda nyumbani ameridhika. Ndugu, ufagio ni mwema. Mtume Muhammad, amani iwe juu yake, alifundisha kwamba kuondoa kinachodhuru njiani ni sehemu ya imani, na ninyi Waislamu wa Voi mnajua hilo kuliko mimi. Lakini lundo lile ulilolitoa mtaroni limebaki kando ya mtaro. Mvua ya kwanza inalirudisha. Lori la taka liko wapi? Lilipangiwa mafuta ya shilingi ngapi? Jaa la mji liko wapi, na nani aliamua liwe hapo? Wajenzi wa Nehemia walipotishwa na wapinzani wao, akina Sanbalati na Tobia, walijenga kwa mkono mmoja na mkono wa pili ukashika silaha. Nanyi shikeni ufagio kwa mkono mmoja na karatasi ya bajeti kwa mkono wa pili. Ufagio bila bajeti ni kuteka maji kwa kikapu. Bajeti bila ufagio ni maneno ya watu wavivu.

Sasa nawageukia mmoja mmoja, kama orodha ile ya Nehemia ilivyofanya.

Mama wa sokoni, wa Voi na wa Taveta, wewe unayeamka saa kumi: wewe ndiye unayejua mji huu unavyokwenda. Unajua nani anakusanya ushuru bila kukata risiti. Mna chama chenu cha kuchangiana kila wiki, na hakijawahi kukosa hesabu hata shilingi. Chukueni dakika ishirini za mkutano huo, kila mwezi, mzungumzie soko. Chagueni wawili waende kikaoni kwa nauli yenu wenyewe, si ya kupewa, wakasimame na swali moja tu, lililoandikwa. Swali moja la watu mia lina uzito kuliko maswali mia ya mtu mmoja mmoja.

Kijana wa bodaboda, umeona kila shimo la mji huu kwa makalio yako. Una simu. Piga picha ya shimo, ya kalavati iliyoziba, ya nguzo isiyo na taa. Andika tarehe na mahali. Kusanyeni, wanachama wote wa kituo, mpeleke kwa mwakilishi wa wadi picha thelathini siku moja. Ukali wa ulimi wako, ambao leo unautumia kwa mambo ya Ikulu, uulete chini ya kilima.

Mwenye nyumba za kupangisha, unapokea kodi kila tarehe tano. Umejenga vyumba kumi na choo kimoja, na maji machafu umeyaelekeza njiani. Usiniambie habari za serikali mbovu. Wewe ni serikali ndogo, na raia wako wanakunja pua. Anza mbele ya nyumba yako.

Mwalimu, wewe uliyesoma: kitabu kile kinene cha Kiingereza ni wewe wa kukifungua. Tafuta kurasa za wadi yako, ziandike kwa Kiswahili kwenye karatasi moja, na kwa Kidawida pia kama wazee wapo, ukaibandike dukani, kanisani, msikitini, kwa kinyozi. Kazi ya jioni moja. Shetani hana kichaka kizuri cha kujifichia kama kitabu kisichosomwa.

Mchungaji mwenzangu, padri, sheikh, imamu: tunatangaza harusi, tunatangaza harambee, tunatangaza maziko. Tutangaze na kikao cha bajeti, saa na mahali, bila kumtaja mwanasiasa na bila kumwachia kipaza sauti kwa sababu ya bahasha. Mwenyezi Mungu hayabadilishi yaliyo kwa watu mpaka wao wabadilishe yaliyo nafsini mwao. Ndivyo Waislamu wanavyofundishwa katika Sura ya Ngurumo, na Mkristo asiyeyakubali hayo hajamsoma Nehemia.

Nanyi mlioko Mombasa, Nairobi na ng'ambo, mnaorudi Desemba mkalalamika kwamba mji haujabadilika: tumeni mchango wa maziko, sawa, lakini tumeni pia akili. Mhandisi, soma mkataba wa barabara yetu. Mhasibu, soma ripoti ya mkaguzi mkuu wa hesabu. Mwanasheria, tuandikie barua moja ya kuomba habari, tuinakili sote.

Na ninyi mnaoshika ofisi, kutoka kwa mzee wa mtaa mpaka kwa mwakilishi wa wadi, katika wadi zetu zote 20: someni tena habari za Malkiya, mtawala aliyechukua Lango la Jaa. Kisha someni habari za wakuu wa Tekoa. Mchague mtaandikwa upande gani. Waiteni watu mapema, si siku tatu kabla. Wapeni karatasi wanayoweza kuisoma. Na mwaka unaofuata, kabla ya kuomba maoni mapya, simameni mwaambie yale ya mwaka jana yamefikia wapi.

Basi shikeni tarehe hizi, ziandikeni ukutani karibu na kalenda ya duka. Mpango wa maendeleo wa mwaka wa kaunti huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba. Jambo lisiloingia humo linapata shida kuingia popote baadaye. Taarifa ya mikakati ya fedha huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Makadirio ya bajeti kufikia tarehe 30 Aprili. Mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai, na kuanzia siku hiyo kulia ni kulia tu.

Kwa hiyo wiki hii, si wiki ijayo, toka nje usimame mlangoni pako. Tazama kilichobomoka mbele ya nyumba yako: ni mtaro, ni taa, ni bomba, ni njia ya watoto kwenda shule. Kitaje kwa jina. Gonga kwa jirani wa kulia na jirani wa kushoto, mwe watatu. Kiandikeni. Mkipelekee mzee wa mtaa, kisha mwakilishi wa wadi, kisha bodi ya manispaa, na mdai muhuri kila mahali. Mkijibiwa, simamieni kazi mpaka mwisho. Msipojibiwa ndani ya siku 21, rudini mkiwa sita. Msipojibiwa tena, rudini mkiwa kumi na wawili, na kiti cha mbele kwenye kikao kile msimwachie mgeni rasmi. Kaeni ninyi. Amina.